Kaskazi nagawa, kusi nafuliza mkate: shangazi, nianzie wapi?

Shangazi shikamoo, na assalaam alaykum. Mi ni kijana wa miaka 26, wa Shela huku Lamu, nna mke na mtoto wa miaka miwili na twakaa kwa mamangu kwa hivo kodi ya nyumba silipi alhamdulillah. Kazi yangu ni mashua. Chombo si changu, ni cha mtu, twapeleka wageni Manda Toto kuogelea, Matondoni kuona vyombo vinavojengwa, na zile za jioni za kutazama jua likizama, kila safari mwenye chombo atoa fungu lake, mi langu na kijana wa kusaidia lake.

Sasa shangazi shida yangu ni hii, kaskazi nna pesa kisawasawa, kusi naaibika. Mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu napata mpaka najisahau, mwezi wa kwanza nlinunua simu ya 28,000, mamangu nkamchukulia friji, marafiki wakija barazani mi ndo nalipa chai na mahamri na mirungi kidogo, mtu akija na shida yake sijui kusema hapana. Saa hii ni mwezi wa tano, bahari chafu, hoteli zimefunga, chombo kimepandishwa pwani, na juzi nimefuliza shilingi 150, yani nimekopa pale pale kwa M-Pesa, ninunue mkate na maziwa ya mtoto. Yani nlisimama pale dukani nkangoja ile meseji iingie na muuza duka aniangalia tu na kitabu chake cha madeni kiko mbele yake, jina langu naliona lilivo refu.

Madeni yenyewe ni haya, Fuliza 4,800, mkopo wa programu ya simu 6,000 (hao walimpigia mpaka mamangu wakamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika), dukani 3,400, na rafiki yangu wa Langoni 5,000. Mke wangu ajua ya dukani tu.

Nmejaribu kujifunza mambo ya pesa. Naangalia video usiku, wote wasema chukua mshahara wako wa mwezi ugawe, nusu matumizi, asilimia 20 weka akiba, sijui nini nini, sasa mi mshahara wa mwezi uko wapi? Nlitoa stetimenti ya M-Pesa ya mwaka mzima kwa *334# nkakaa na kalamu, na zile za mkononi nkakisia, nkapata hivi: mwezi wa 12 ni 62,000, wa kwanza 55,000, wa pili 38,000, wa tatu 30,000, wa nne 9,000, wa tano mwaka jana 6,000, wa sita 8,000, wa saba 28,000, wa nane 40,000, wa tisa 18,000, wa kumi 15,000, wa kumi na moja 20,000. Baada ya hapo nkakwama, sijui hizi nambari nizifanye nini.

Kuna jamaa pwani yuko kwa kundi la biashara ya dola kwa simu, asema ukiweka pesa wapata asilimia 30 kila mwezi, aniambia niweke elfu kumi nitoke kwa shida. Na mke wangu acheza mchezo wa kuchangiana pesa na wanawake wenzake, zamu yake ni mwezi ujao, atashika 10,000. Nlikua nafikiria nimuombe hiyo niingize kwa dola. Nifanyeje shangazi, niwekeze wapi, nianzie wapi?

Kijana wa Mashua, Shela

*

Marahaba mwanangu, waalaykum salaam.

Kwanza nkwambie, wewe ushafanya kazi ambayo watu wengi wanaoniandikia hawajaifanya, hata wale wa ofisini wenye tai. Umekaa na kalamu ukaandika mwaka mzima. Wengine nkiwauliza mwezi uliopita waliingiza ngapi wanaangalia dari. Kwa hivo usijione mjinga, hesabu umeianza, sema umeiachia katikati.

Hebu tuimalize. Jumlisha zile nambari zako kumi na mbili. Ni 329,000. Gawa kwa kumi na mbili, ni 27,400 na kitu. Mwanangu wewe ni mtu wa elfu ishirini na saba kwa mwezi. Si mtu wa 62,000, na wala si mtu wa 6,000. Tatizo lako ni kwamba mwezi wa kumi na mbili unaishi kama yule wa sitini na mbili, ukifika mwezi wa tano unashangaa yule mtu ameenda wapi.

Na zile video sikwambii ni za uongo, ila zimetengenezewa mwalimu, askari, karani wa kaunti, mtu ambaye tarehe 30 simu yake italia kukiwa na mvua kukiwa na jua. Ukimwambia mtu wa mashua aweke asilimia 20 mwezi wa tano unamwambia aweke 1,200 kwenye 6,000, atakula nini? Na mwezi wa kumi na mbili ukimwambia aweke asilimia 20 tu ndo umemharibu kabisa, manake itabaki karibu elfu hamsini mkononi aone ana ruhusa ya kuitumia yote.

Kwetu hii shida si ngeni. Babangu alikuwa baharia wa majahazi ya boriti, waenda Arabuni na upepo wa kusi wakirudi na kaskazi, malipo yaja kwa mkupuo mmoja safari ikiisha, halafu miezi hakuna kitu. Mamangu alikuwa na kasha, na ndani ya kasha vifuko vya kitambaa alivishona mwenyewe, kimoja ukanda mwekundu. Babangu akileta pesa haziwekwi pamoja. Chakula kivyake, madeni ya duka kivyake, na ule mwekundu ni wa maradhi na maiti, huo hata babangu akitaka kuufungua aulizwa nani mgonjwa. Kila Ijumaa baada ya sala mama afungua kifuko cha chakula atoa kiasi cha wiki, basi, ukimaliza Jumatano utakula mbaazi bila mahamri. Hakusoma hata darasa moja la skuli. Lakini alijua kitu ambacho wewe bado, kwamba pesa ya msimu haiwi yako siku unayoipata, ni ya miezi inayokuja.

Kwa hivo mshahara unaosema huna, jilipe mwenyewe. Kwako mi nasema 20,000 kwa mwezi, iwe kaskazi iwe kusi iwe demani. Kwa nini ishirini na si ishirini na saba? Kwa sababu msimu mmoja waweza kuharibika, mwaka mwingine wageni hawaji, na wewe mwenyewe ushasema sehemu ya hizo nambari umekisia. Sasa angalia inavotembea. Mwezi wa 12 umeingiza 62,000, unachukua ishirini, arubaini na mbili zinabaki. Wa kwanza zinabaki thelathini na tano, wa pili kumi na nane, wa tatu kumi. Ukifika mwisho wa mwezi wa tatu umekaa na 105,000. Mwezi wa nne, wa tano, wa sita zinapungua, manake unajiongeza 11,000, halafu 14,000, halafu 12,000, jumla ni 37,000. Hilo ndo shimo lako la kusi. Elfu thelathini na saba tu! Mi nlipopiga hesabu nlicheka, si kwa kukucheka wewe, nlicheka manake simu yako na friji ya mamako kwa pamoja nadhani zimeshalipita hilo shimo.

Hiyo 37,000 usiiite akiba, na mtu asikwambie uiwekeze. Ni unga na samaki wa mwezi wa tano, sema tu imefika mapema.

Sasa lakini tuko mwezi wa tano na mfuko uko mtupu, kwa hivo hiyo ni habari ya mbele. Leo chombo kinavuja. Wewe ni mtu wa bahari wajua, chombo kikivuja hutafuti tanga jipya, unafua maji uyatoe, halafu unakalafati, unaziba nyufa. Na uvujaji wako mkubwa ni wa mikopo ya simu.

Fuliza inakata asilimia moja ya ada pale pale unapochukua, halafu ada ya kila siku mpaka ulipe, na pesa yoyote ikiingia kwenye laini inamezwa yenyewe kabla hujaigusa. Ndo maana mtu wa Fuliza haoni pesa yake, mgeni akutumia 3,000 ya safari wewe unaona meseji mbili, ya kuingia na ya kutoka, halafu unafuliza tena ule, na ada inaanza upya. Ile mikopo mingine ya simu pia angalia vizuri. M-Shwari kwa mfano ada yake ni asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, mtu akisikia saba na nusu aona kidogo, lakini ukiuzungusha mkopo huo kila mwezi kwa mwaka ni asilimia 90. Sijaingia bado kwenye habari ya riba na dini, hiyo wewe mwenyewe waijua na masheikh wako hapo.

Na hao waliompigia mamako, nenda kwenye tovuti ya Benki Kuu uangalie orodha ya wakopeshaji wa mtandaoni waliopewa leseni, tangu 2022 kuna kanuni zao na kutukana jamaa wa mkopaji haziruhusu. Wawe na leseni wasiwe nayo, zile meseji usizifute, na simu walizompigia mamako andika tarehe na saa.

Basi, madeni yako jumla ni 19,200. Fuliza na ile programu ni 10,800, hizo ndo zinazokua usiku ukiwa umelala. La dukani halikui, la rafiki halikui. Kwa hivo yanayokua kwanza. Na pesa ya kuyalipa unayo mkononi, ndo hiyo hiyo unayoandikia barua hii. Uza simu. Najua utakasirika. Simu ya 28,000 mwezi wa kwanza, hata ukipata 16,000 unalipa 10,800 yote kwa siku moja na 5,200 inabaki, utafute ya mkono wa pili inayoshika WhatsApp ya wageni, hawaji Manda Toto kwa sababu kamera yako ni nzuri. Ukishalipa Fuliza jiondoe, usiseme naiacha tu ya dharura, manake kwako wewe mkate umekuwa dharura.

Wa dukani nenda umuone wewe mwenyewe, mchana, usimtume mtoto. Mwambie 3,400 ntakulipa mwezi wa saba na wa nane, na kuanzia leo sikopi tena nanunua ninachoweza, hata kama ni robo ya sukari. Wenye duka wetu wanajua kusi ni nini, wamezaliwa hapa hapa. Wanachochukia ni mtu anayepita njia ya nyuma. Rafiki wa Langoni vivyo hivyo.

Na hii miezi miwili tafuta vibarua vya kusi. Umesema chombo kimepandishwa, na vya wenzako vimepandishwa, basi kuna kukwangua, kuna kukalafati, kuna kupaka sifa (yale mafuta ya papa), fundi hawezi peke yake. Si pesa nyingi, ila ni pesa ya kila siku na hailazimishi bahari itulie.

Ngoja nrudi kwenye kitu umekipitia haraka haraka, "mirungi kidogo". Kidogo ni ngapi mwanangu? Hukuandika, kwa hivo mi ntaandika, tufanye 200 kwa siku, na wajua mwenyewe kama nakuonea au nakustahi. Mia mbili mara thelathini ni 6,000. Mwezi wako wa tano wote mzima ni 6,000. Sitasema zaidi ya hapo, mi si mamako.

Kingine kidogo lakini kinauma, kutoa pesa kwa ajenti. Ukitoa 500 wakatwa 29, ukitoa 2,500 wakatwa hiyo hiyo 29. Watu wa kutoa mia tano mia tano mara tano wameacha 145 pale dirishani bila kuona. Toa ya wiki mara moja, Ijumaa kama mamangu.

Sasa wapi pa kuweka zile za msimu zikianza kuingia mwezi wa saba. Si kwenye laini unayonunulia bando, hapo hazitafika Jumapili. Malipo ya wageni yaingie kwenye Pochi la Biashara la M-Pesa, iwe mbali na pesa ya nyumbani, na ikifika kiasi cha kueleweka upeleke benki. Kama wataka isiyo na riba, Kenya tuna benki za Kiislamu kamili tangu 2008, Gulf African ni mojawapo, akaunti ya kawaida tu yatosha kwa sasa. Benki yenye leseni ikifilisika, Shirika la Bima ya Amana lakulipa mpaka 500,000, wewe hujafika huko kwa hivo lala. Tarehe moja ya kila mwezi jitumie 20,000 yako, na kabla ya tarehe moja nyingine hakuna kujiongeza, hata mwezi wa kumi na mbili. Hasa mwezi wa kumi na mbili. Barazani wakikuuliza sema ukweli, mshahara wangu haujaingia.

Ukianza mwezi wa saba hivo, kwa nambari zako za mwaka jana, saba na nane zitabakisha 28,000, tisa na kumi zitakula 7,000, ukitoa la duka na la rafiki ambayo ni 8,400 unafika mwezi wa kumi na moja una 12,600 na huna deni la mtu. Halafu ndo kaskazi inaanza. Na kaskazi hiyo cha kwanza kabisa lipa bima ya afya ya serikali, SHA, ya mwaka mzima, kwa mtu asiye na ajira ya mshahara wanapima kipato cha nyumba na cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, 3,600 kwa mwaka. Ilipe ukiwa nazo, manake mtoto hachagui kuugua kaskazi.

Habari ya kuwekeza basi. Kuna kitu cha Benki Kuu kinaitwa DhowCSD, mtu wa kawaida akopesha serikali kwa simu yake, hati za siku 91, 182 au 364, kuanzia 50,000. Jina la jahazi kabisa, wametuibia chombo wakaweka riba ndani, haha. Nakutajia ujue tu vitu hivo vipo, lakini ni pesa ya riba kwa hivo muulize sheikh wako kwanza, na wewe hujafika hapo. Mwaka kesho mwezi wa tano ukipita bila kukopa, niandikie tuongee.

Ile ya dola, chukua kalamu yako tena. Elfu kumi kwa asilimia 30 kila mwezi, ukiiacha mwaka mmoja inakuwa zaidi ya laki mbili na thelathini. Miaka miwili inapita milioni tano. Huyo jamaa yako kama ni kweli angekuwa bado pwani anakutafuta wewe na elfu kumi yako? Biashara ya sarafu za kigeni mtandaoni hapa Kenya ina mdhibiti wake, ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, muombe jina la kampuni uliangalie kwenye orodha yao. Ukiona anaanza kukwambia hili ni kundi la watu maalum, si kampuni, basi ushapata jibu lako. Na hata walio na leseni hakuna anayeruhusiwa kukuahidi asilimia 30, wateja wao wengi wanapoteza.

Nmeliacha la mkeo mwisho kwa sababu ndo limenikera. Elfu kumi ya mchezo ni yake. Si ya nyumba, si ya kuombwa kwa kuwekwa kwenye dola, ni mali yake na dini imempa, wewe ndo wa kumlisha. Yeye akitaka kukusaidia kwa hiari yake ni ihsani. Lakini fikiria kidogo, mwanamke anayetoa mchango wake wa mchezo bila kukosa mpaka zamu yake ifike, kusi na kaskazi, na mume wake mwenye 62,000 anafuliza mkate, katika nyumba hiyo nani anayejua pesa? Huyo ndo wa kushika daftari.

Kwa hivo leo usiku mtoto akilala, mwambie yote, ya Fuliza, ya programu, ya Langoni, umuoneshe ile karatasi ya miezi kumi na mbili. Usimwambie mbele ya mamako. Na usianze na mchezo wake, anza na simu unayoiuza.

Shangazi